Askari wa Maji Wana Sheria, na Sheria Hiyo Ina Tarehe

Hoja zenyewe mmezisikia. Zimesemwa redioni, zimerudiwa ndani ya taksi-bisi za kwenda mitaa ya Kenya na Katuba hapa Lubumbashi, na huibuka upya kila mara askari wa maji wanapotajwa kwa ubaya kwenye ziwa Moero au ziwa Tanganyika. Wanaozitoa si watu wa kupuuzwa: wamo waliosoma sheria, wamo waliowahi kuvaa sare. Nimewasikiliza mpaka mwisho, nikaziandika hoja zao kama walivyozisema, bila kuzipunguza nguvu. Ni sita. Nimezipima kwa maandishi ya sheria na kwa historia inayojulikana, na sikuona hata moja iliyosimama. Ninaziweka mbele yenu, wasomaji, ninyi mkiwa mahakimu. Someni hoja, someni jibu, kisha mwamue.

Hoja ya kwanza inataka kesi ifungwe kabla haijafunguliwa. Inasema: bahari ya Kongo iko Banana, magharibi kabisa, kwenye ukanda wa pwani usiofika kilomita 50. Lubumbashi ni mji wa shaba na wa reli. Kanuni za jeshi la majini ni jambo la Kinshasa, Boma na Matadi. Mtu wa Haut-Katanga anayezijadili anajitafutia kazi isiyo yake.

Tuanze na neno lenyewe. Kifungu cha 187 cha Katiba ya 2006 kinataja majeshi matatu: la nchi kavu, la anga na lile liitwalo kwa Kifaransa force navale. Neno navale lina asili katika neno la Kilatini lenye maana ya chombo. Halitoki katika neno la bahari. Palipo na chombo chenye bendera ya Jamhuri na askari wake ndani, jeshi hilo lipo, maji yawe ya chumvi au matamu. Sasa tuangalie ramani. Mpaka wetu na Zambia unapita katikati ya mto Luapula na kuendelea ndani ya ziwa Moero. Kasenga, Kilwa na Pweto ni miji ya maji, na yote mitatu iko Haut-Katanga. Samaki wa Kasenga waliwalisha wachimbaji wa Union Minière kabla wengi wetu hatujazaliwa, na hadi leo mama anayeuza samaki wakavu katika soko la Kenya anaishi kwa njia ileile ya kutoka ziwani hadi mjini. Amri inayotolewa gatini Kilwa huonekana katika bei ya samaki hapa mjini. Na jambo baya lilipotokea Kilwa, kesi yake ilisikilizwa Lubumbashi; nitaifikia. Mtu akisema jambo hili halituhusu, inaonekana hajauliza samaki wake wanatoka wapi.

Hoja ya pili ni ya wapenda historia, nami naiheshimu zaidi kwa sababu imesimama juu ya tukio la kweli. Inasema: jeshi la majini la Kongo lilizaliwa na Waingereza mwaka 1915, na lilipita hapahapa. Meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann ilikuwa imeishambulia meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune mnamo Agosti 1914, na Tanganyika yote ikabaki mikononi mwa Wajerumani. Waingereza wakaleta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Zilisafiri kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Élisabethville, yaani Lubumbashi hii yetu, na kuendelea mpaka Fungurume, ambako reli iliishia. Kutoka hapo zilikokotwa kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu, zaidi ya kilomita 200 juu ya milima ya Mitumba hadi Sankisia. Kisha reli tena hadi Bukama, mto Lualaba hadi Kabalo, na reli ya mwisho hadi ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, ikapewa jina la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazama. Kwa hiyo, wanasema, kanuni za askari wetu wa maji ni mtoto wa kanuni za Waingereza.

Tukio ni la kweli, lakini hitimisho halitokani na tukio hilo. Mimi na Toutou zilikuwa mali ya jeshi la majini la Uingereza, na mabaharia wake walikuwa chini ya sheria ya nidhamu ya jeshi hilo ya mwaka 1866, iliyotungwa na Bunge la London kwa ajili ya jeshi la London. Ufukoni, hatua chache tu kutoka walipolala, askari wa Force Publique, jeshi la koloni, walikuwa chini ya amri za Kongo. Gati lilikuwa moja na vita vilikuwa vimoja, ila sheria zilikuwa mbili, na hakuna Mwingereza aliyekuwa na mamlaka ya kumhukumu Mkongo kwa sheria yake, wala kinyume chake. Waingereza walipoondoka, sheria yao iliondoka pamoja nao. Mgeni akilala kwako siku tatu, nyumba haiwi yake. Ukitafuta katika mfululizo wa sheria za kijeshi za Kongo, kuanzia 1888 hadi 2013, hutakuta hata moja inayojitaja kuwa imerithi ile ya 1866. Tena tazameni mgongano huu: kundi lililotuambia kwamba Lubumbashi haihusiki na jeshi la majini ndilo linalojivunia kwamba jeshi hilo lilipita Lubumbashi likiwa juu ya mabehewa. Wachague moja.

Wapo wanaoisogeza hoja hiyohiyo hadi mwaka 1965. Wakati wa vita vya Simba, boti za doria ziliwekwa Tanganyika kwa msaada wa shirika la ujasusi la Marekani, zikiendeshwa na Wakuba waliomkimbia Castro. Upande wa pili Che Guevara alikuwa amevuka kutoka Kigoma mwezi wa Aprili, akaondoka Novemba. Jeshi lililozaliwa hivyo, wanasema, lilizaliwa bila sheria. Nakubali kwamba watu wale walikodiwa. Sikubali kwamba nchi haikuwa na sheria. Boti hizo zilipokuwa zikizunguka ziwani, Kongo ilikuwa tayari na kanuni yake ya mahakama za kijeshi, yenye tarehe ya mwaka uliotangulia. Kama mtu aliyekodiwa hakushtakiwa kwa kanuni hiyo, kosa ni la aliyetakiwa kuitumia. Kutotumiwa kwa sheria si ushahidi kwamba haikuwepo.

Hapo tunaingia katika hoja ya tatu, ambayo ndiyo inayopigiwa makofi zaidi: sheria ya kijeshi ya Kongo ni ya Wabelgiji. Léopold II aliipanga Force Publique kwa amri ya tarehe 5 Agosti 1888, na mwaka huohuo zikawekwa mahakama zake za kivita. Fimbo ya ngozi ya kiboko ilikuwa sehemu ya nidhamu hiyo. Baada ya uhuru, wanasema, tulibadilisha jina tu: Force Publique ikawa Armée nationale congolaise mwezi wa Julai 1960, na karatasi zikabaki zilezile. Askari anayeivunja sheria ya namna hiyo, kwa maoni yao, anamkaidi mkoloni.

Jibu la kwanza ni kwamba hata zama za ukoloni sheria hiyo haikuwa ile ya Wabelgiji wenyewe. Ubelgiji ilikuwa na kanuni yake ya adhabu za kijeshi tangu tarehe 27 Mei 1870. Kongo ilipochukuliwa kutoka kwa Léopold mwaka 1908, Mkataba wa Kikoloni ulisema wazi kwamba koloni ni chombo tofauti kinachotawaliwa kwa sheria zake za pekee. Mbelgiji aliyekuwa askari Brussels alikuwa na sheria moja, na Mkongo wa Force Publique alikuwa na nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili tofauti hiyo ilionekana hapahapa nchini: Ubelgiji iliweka kambi za majeshi yake yenyewe Kamina, Kitona na Banana, na askari wake humo walifuata sheria ya kwao. Tarehe 11 Julai 1960, siku ileile Tshombe alipotangaza hapa mjini kujitenga kwa Katanga, meli za kivita za Ubelgiji ziliupiga mji wa Matadi kwa mizinga. Zilikuwa meli za kigeni, zikitii amri ya kigeni. Mtu anayezihesabu kuwa chanzo cha sheria ya jeshi letu la majini anaweka katika ukoo wetu vyombo vilivyotupiga.

Jibu la pili liko katika tarehe. Tarehe 18 Desemba 1964, Kasa-Vubu akiwa Rais na Tshombe akiwa Waziri Mkuu, nchi ilipata kanuni ya muda ya mahakama za kijeshi. Tarehe 25 Septemba 1972 ikaja kanuni mpya, kwa sheria namba 72/060 ya Mobutu. Tarehe 23 Agosti 1997 Laurent-Désiré Kabila akaanzisha Cour d'ordre militaire, mahakama ambayo hukumu yake haikuwa na rufaa. Kisha, tarehe 18 Novemba 2002, zikatoka sheria mbili zinazotumika hadi leo: namba 023/2002 ya mahakama za kijeshi na namba 024/2002 ya adhabu za kijeshi. Mahakama ile isiyo na rufaa ikafikia mwisho wake. Ikafuata sheria namba 11/012 ya tarehe 11 Agosti 2011 inayopanga majeshi, na namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013 inayoeleza haki na wajibu wa askari. Mfululizo huu umeandikwa na Wakongo, vizazi vitatu. Umo ubaya ndani yake, na ubaya huo pia ni wetu: mahakama isiyo na rufaa ya 1997 hatukuachiwa na Mbelgiji, tuliijenga wenyewe. Anayetupa kila kitu juu ya 1888 anawafutia Wakongo makosa yao na kazi yao kwa mkupuo mmoja.

Na jibu la tatu nawaomba mlishike. Sheria hizo mbili za Novemba 2002 zilipitishwa na Bunge la mpito, lile lenye wajumbe walioteuliwa tangu mwaka 2000. Makao ya Bunge hilo yalikuwa hapa Lubumbashi. Najua wajumbe wale hawakuchaguliwa na wananchi, na dosari hiyo siifichi. Lakini hakuna anayeweza kunitazama usoni katika mji huu akaniambia kwamba sheria ya askari imetoka Brussels, ilhali Bunge lililoipitisha lilikuwa na makao yake katika mji wetu wenyewe.

Hoja ya nne ni ya wanasheria. Wanasema: jeshi la majini la kweli lina kanuni yake peke yake. Uingereza ilitunga sheria ya nidhamu ya meli zake za kivita mwaka 1661. Marekani, hata kabla ya kujitangazia uhuru, ilikuwa na kanuni za majini za mwaka 1775, zilizoandikwa na John Adams. Ufaransa ilikuwa na kanuni ya mahakama za jeshi la bahari tangu 1858. Kongo inamweka baharia katika kapu moja na askari wa miguu na polisi. Kwa hiyo baharia wa Kongo, ukimtazama kwa makini, hana sheria. Ana ya kuazima.

Mifano yao ni sahihi, lakini wameikatia katikati. Marekani iliziacha kanuni zake za majini: mwaka 1950 Bunge lake lilipitisha kanuni moja kwa majeshi yote, ikaanza kazi tarehe 31 Mei 1951. Ufaransa iliunganisha kanuni zake mwaka 1965. Uingereza yenyewe, mama wa hoja hii, iliiweka kando sheria yake ya pekee ya majini kwa sheria ya majeshi yote ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika 2009. Nchi tatu zinazotolewa kuwa kielelezo zimefika kwenye kanuni moja, mahali ambapo Kongo huru ilisimama tangu 1964. Na sababu zao zinafundisha. Kanuni ya pekee ya majini ilitungwa nyakati ambapo meli ilikaa miezi mingi bila kuona bandari, na nahodha alikuwa mshtaki, hakimu na mtekelezaji wa hukumu kwa pamoja. Baharia wa Marekani alichapwa mijeledi sitahani kwa mujibu wa kanuni hiyo hadi Bunge lake lilipokataza mwaka 1850. Upekee huo ulimlinda nahodha. Baharia haukumlinda. Boti ya doria inayotoka Kalemie au Pweto hurudi gatini baada ya muda mfupi, nayo bara kuna ofisi ya mwendesha mashtaka wa kijeshi, ile tunayoiita oditora, na kuna mahakama ya kijeshi ya garnizoni. Haipo haja ya kumpa mkuu wa boti mamlaka ambayo hata nchi za bahari kuu zimeyaondoa.

Tena, kabla hatujaendelea, wekeni hoja ya tatu na ya nne kwenye mizani moja. Ya tatu inalalamika kwamba kuna sheria na ni ya mgeni. Ya nne inalalamika kwamba hakuna sheria. Watetezi wake mara nyingi ni walewale, katika mazungumzo yaleyale. Kitu hakiwezi kuwa cha kigeni na wakati huohuo kisiwepo.

Hoja ya tano haina wasomi, lakini ndiyo inayoumiza watu. Inasema: majini si nchi kavu. Ukishaondoka gatini, neno la mkuu wa boti ndilo sheria. Askari wa maji hawalipwi vizuri, ziwa ni kubwa, majambazi wapo. Basi mvuvi na mfanyabiashara watoe chochote ili walindwe. Wanaimaliza kwa methali: mwenye nguvu mpishe.

Naitaja kwa haki: mshahara wa askari ni mdogo kweli, na majambazi wapo kweli. Lakini ugumu wa maisha hautungi sheria ya kodi. Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema kodi huwekwa kwa sheria tu, na hakimtengi mtu aliye juu ya maji. Amri namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 iliorodhesha huduma zinazoruhusiwa kufanya kazi mipakani: forodha, ukaguzi wa bidhaa, uhamiaji na afya. Ni nne. Hesabuni tena: jeshi la majini halimo. Pesa inayodaiwa na askari kwa mtumbwi wenye mzigo kati ya ng'ambo na ng'ambo haina kifungu nyuma yake, hata kama ametoa karatasi, hata kama mkubwa wake anajua.

Na kuhusu neno la mkuu, kifungu cha 28 cha Katiba kimeshajibu: hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kuwa haramu, na mtumishi wa serikali hufunguliwa kutoka katika utii pale amri inapokanyaga haki za watu waziwazi. Kifungu cha 188 kinaongeza kwamba majeshi ni ya taifa zima, yako chini ya mamlaka ya kiraia, na kuyageuza kuwa chombo cha mtu binafsi ni uhaini mkuu. Anayesema neno la mkuu ni sheria amekutana na Katiba ikisema kinyume mara mbili. Ile methali nayo wameipeleka mahali si pake. Mwenye nguvu mpishe ni busara ya msafiri aliyekutana na nyati njiani. Haikutungwa kuwa katiba ya nchi. Nchi huandika sheria ili mwenye nguvu naye apishe.

Nimesimama kwenye gati la ziwa, nikamwona mwanamke akihesabu noti mara mbili kabla hajashuka mtumbwini, akitenga za nauli na za askari. Hakuwa na hasira. Alizitenga kama mtu anavyotenga pesa ya chumvi. Hapo ndipo nilipoelewa kazi inayofanywa na hoja hii: humfanya aliyedhulumiwa aione dhuluma kuwa sehemu ya bei.

Hoja ya sita ndiyo nzito kuliko zote, na inastahili jibu pana. Inasema: palipo na silaha za vita, hakimu wa kijeshi pekee ndiye anayefaa, hata kwa raia. Sheria ya 2002 ilimpa mamlaka juu ya raia aliyeshirikiana na askari au aliyetumia silaha ya vita. Wanatoa mfano wa kwetu: mwezi wa Machi 2009, mahakama ya kijeshi ya garnizoni ya Haut-Katanga, ikiketi Kipushi, ilimtia hatiani Gédéon Kyungu Mutanga, mkuu wa Mai-Mai, kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Bila mahakama hiyo, wanauliza, nani angewasikiliza wahanga?

Hukumu ya Kipushi ilikuwa na thamani, nami sitaidharau. Lakini tupange sheria kwa umri na kwa cheo. Kanuni za kijeshi ni za 2002. Katiba ni ya tarehe 18 Februari 2006, nayo ni kubwa kuliko sheria yoyote. Kifungu chake cha 156 kinasema mahakama za kijeshi husikiliza makosa ya wanajeshi na ya polisi. Kimeweka mlango mmoja tu: wakati wa vita, au wa hali ya kuzingirwa kama ile iliyotangazwa Ituri na Kivu Kaskazini mnamo Mei 2021, Rais anaweza kusimamisha mahakama za kawaida kwa amri iliyojadiliwa na mawaziri, na hata hapo haki ya rufaa haiguswi. Sheria ya 2002 inayomvuta raia kwa sababu ya silaha tu imekuta ukuta uliojengwa miaka minne baadaye. Na dai kwamba hakuna hakimu mwingine limepitwa na wakati: tangu sheria ya tarehe 11 Aprili 2013, mahakama za rufaa za kiraia nazo zina mamlaka juu ya mauaji ya kimbari, makosa ya kivita na makosa dhidi ya ubinadamu.

Sasa Kilwa. Mwezi wa Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia mji huo wa ufukoni mwa Moero, na jeshi likaurudisha. Zaidi ya watu 70 waliuawa. Kesi ilikuja mbele ya Mahakama ya Kijeshi ya Katanga hapa Lubumbashi, ikiwa na wanajeshi pamoja na raia watatu, wafanyakazi wa kampuni ya madini ambayo magari yake yalitumika. Katiba ilikuwa tayari imeanza kazi. Tarehe 28 Juni 2007 hukumu ilitoka: kwa yaliyotendeka Kilwa, hakuna aliyetiwa hatiani. Miaka kadhaa baadaye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliiona Jamhuri kuwa na hatia, ikapendekeza wahanga walipwe fidia ya dola milioni 2,5. Hoja inasema hakimu wa kijeshi anafaa zaidi kwa sababu anaijua silaha. Kilwa alikuwepo hakimu wa kijeshi, zikawepo silaha, wakawepo maiti, na familia zilirudi ziwani bila jina la aliyeua. Mkitaka kupima hoja kwa matunda yake, tunda liko hapa mkoani kwetu.

Hata mfano wao wa Kipushi unawarudia. Kyungu alihukumiwa mwaka 2009, akatoroka gereza la Kasapa, hapa Lubumbashi, mwezi wa Septemba 2011. Ukali wa mahakama haukuziba nyufa za gereza. Haki inahitaji mnyororo mzima, na sare ya hakimu ni pete moja tu ya mnyororo huo.

Mahakimu, nimemaliza hoja sita. Ziangalieni sasa zikiwa pamoja. Ya kwanza inasema sheria ya majini haituhusu. Ya pili inasema ni ya Mwingereza, ya tatu ni ya Mbelgiji, ya nne haipo, ya tano ni neno la mkuu wa boti, ya sita ni kali hata inamshika raia. Haziwezi kuwa za kweli zote, na nyingine haziwezi kukaa chumba kimoja. Lakini zote zinafika gati moja: mwenye bunduki asiulizwe. Kama haituhusu, hatumuulizi. Kama ni ya mgeni, hana deni nayo. Kama haipo, hana la kuvunja. Kama ni neno lake, ameshajijibu. Na kama inamshika raia, basi hofu imehamia kwa aliyetaka kuuliza.

Madai yangu mimi ni machache, na kila moja lina tarehe yake. Askari wa maji wa Kongo yuko chini ya Katiba ya 2006, kanuni mbili za 2002, sheria ya 2011 na ile ya 2013. Zimeandikwa na Wakongo, na mbili kati yake zilipitishwa na Bunge lililokuwa na makao Lubumbashi. Zina dosari, na dosari zake zirekebishwe na Wakongo. Lakini zipo.

Limebaki jambo moja, na hili sina wa kumpinga. Sheria hizi zimeandikwa kwa Kifaransa, na mtu anayehesabu noti gatini anazungumza Kiswahili. Katiba ililiona jambo hilo. Kifungu cha 142 kinaitaka serikali iieneze kila sheria kwa Kifaransa na katika kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu kutiwa saini. Kiswahili ni mojawapo ya lugha hizo. Sheria ya majeshi ya tarehe 11 Agosti 2011 ilipaswa kumfikia mvuvi wa Pweto kwa lugha yake kabla ya katikati ya Oktoba mwaka huohuo. Basi tuidai nakala hiyo ya Kiswahili, ibandikwe kwenye kila gati la Moero, la Luapula na la Tanganyika, mahali ambapo askari na mwenye mtumbwi wataisoma wakiwa wamesimama bega kwa bega. Siku hiyo hoja hizi sita hazitahitaji mtu wa Lubumbashi kuzijibu. Mama mwenye samaki atazijibu mwenyewe, kidole chake kikiwa juu ya kifungu.